Muulize Mzee wa Mawe: La kijani usililambe kwanza

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi nafundisha kemia sekondari hapa Dodoma mjini. Juzi tulikuwa tunasafisha stoo ya maabara tukakuta boksi la mawe ya zamani, aliyeyaacha hatumjui, moja limebandikwa karatasi imeandikwa kwa mkono "annabergite, Lavrion". Jiwe lenyewe ni la kahawia ila upande mmoja lina ukoko wa kijani mzuri sana, kama embe changa. Kijana mmoja ambaye kwao ni Haneti akasema hii si ni krisopresi tu mwalimu, lile jiwe la vito la kijani, nyumbani zipo, akataka kulilamba ili rangi itoke. Nikamwambia subiri nimuulize mzee. Je, ni krisopresi? Na hilo jina ni la madini gani, yapo kundi gani? – Mwalimu, Dodoma

JIBU: Marahaba mwalimu, na ahsante sana kwa kumwambia asubiri, maana ukoko huo kama karatasi haijadanganya una aseniki ndani yake, tena siyo kidogo. Annabergiti ni nikeli iliyoshikana na aseniki, oksijeni na maji, waandikie ubaoni Ni3(AsO4)2·8H2O halafu wapige hesabu wenyewe, watakuta kwenye gramu 100 karibu gramu 29 ni nikeli, 25 ni aseniki na 24 ni maji matupu yaliyofungwa ndani ya fuwele. Robo nzima ya uzito ni aseniki! Sasa weka hapo kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha maji ya kunywa, mikrogramu 10 tu kwa lita, utaona gramu 1 ya huo ukoko kama ingeyeyuka yote ingetosha kufikisha kiwango hicho kwenye lita 25,000 za maji. Kwenye maji ya kawaida haiyeyuki kirahisi, ni kweli, ila tumboni kuna asidi na annabergiti kwenye asidi inayeyuka.

Kijana wako lakini usimcheke, macho yake hayajakosea. Krisopresi ya Haneti nayo ukijani wake unatokana na nikeli hiyohiyo, tofauti ni kwamba krisopresi ni kwatzi, jiwe gumu la silika, nikeli imo kidogo tu ya kulipaka rangi na aseniki siyo sehemu yake. Annabergiti nikeli ndiyo mwili wake. Yaani rangi moja, tabia mbalimbali kabisa.

Inavyotokea ni hivi. Chini ardhini kuna mawe yenye nikeli na aseniki bila oksijeni, mfano nikelini ambayo ni NiAs, ina rangi kama shaba nyekundu. Hayo yakikaribia juu yakakutana na hewa na maji ya mvua yanaoza taratibu na ule ukoko wa kijani unaota juu yake kama kutu inavyoota kwenye bati. Ndiyo maana mara nyingi utaiona ni unga au ngozi nyembamba tu, fuwele zinazoonekana kwa macho ni adimu na zile zinazosifika duniani zimetoka hapohapo Lavrion, Ugiriki, kwenye migodi ya zamani ya fedha. Jina limetokana na Annaberg, mji wa wachimbaji kule Saxony, Ujerumani, na limeanza kutumika mwaka 1852.

Kuhusu kundi, hapa ndipo napapenda mwenyewe, niruhusu nirefushe kidogo. Fungua jedwali la elementi, aseniki ni namba 33, juu yake moja kwa moja kuna fosforasi. Hawa ni ndugu, kila mmoja anajishika na oksijeni nne kwa umbo lilelile, ya fosforasi ikaitwa fosfati, ya aseniki ikaitwa asenati, kwa hiyo mahali fosfati inapokaa asenati nayo inaweza kukaa, ndiyo maana katika mpangilio wa madini unaoitwa Strunz fosfati, asenati na vanadati zimewekwa daraja moja, la 8. Ndani ya daraja hilo kuna kundi la vivianiti, na annabergiti iko humo. Lione kama nyumba ya kupanga, vyumba ni vilevile, maji nane yaleyale, wapangaji ndio wanabadilika. Akiingia chuma na fosfati unapata vivianiti, ambayo ikitoka ardhini haina rangi halafu ikikaa juani inageuka bluu. Akiingia kobalti na asenati unapata erithriti, ya waridi iliyokolea, nzuri ajabu, ile ya Bou Azzer kule Moroko wakusanyaji wanaigombania. Nikeli na asenati ndiyo hii yako. Na wapangaji wanachanganyika chumba kimoja, magnesiamu ikiingia nyingi kijani kinafifia mpaka karibu na nyeupe, hiyo watu wanaiita kabreriti.

Jiwe usilitupe mwalimu, ni sampuli ya maana kuliko chati yoyote ukutani. Liweke kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, karatasi yake ibaki nalo, andika "ina aseniki, usifungue", walione kupitia kioo. Aliyelishika anawe mikono kwa sabuni, basi, kulishika peke yake hakumdhuru mtu.

SWALI: Mzee hivi neno nikeli limetoka wapi? – Msomaji wa Kongwa

JIBU: Wachimbaji wa Saxony walikuwa wanakutana na ile nikelini nyekundu wakidhani ni shaba, wakiichoma shaba haitoki, unatoka moshi wenye sumu ya aseniki. Wakasema kuna zimwi kailoga shaba yao, wakaliita jiwe Kupfernickel, yaani shaba ya zimwi. Mwaka 1751 Axel Fredrik Cronstedt wa Uswidi akapata metali mpya kwenye madini ya aina hiyo, akachukua nusu ya jina.

SWALI: Shikamoo mzee, mimi fundi wa kukata mawe hapa Majengo. Madalali wananiletea vijiwe vya kijani kila siku. Mimi huwa nalilamba jiwe nione rangi, nikiwa na wasiwasi nalichoma kidogo na kiberiti cha gesi. Kuna njia nyingine bila maabara? – Fundi, Dodoma

JIBU: Marahaba fundi. Kulamba jiwe najua, na mimi nimelamba miaka na miaka kabla sijajua ninachokilamba, mate yanatoa rangi vizuri, lakini kuanzia leo beba chupa ya maji na kitambaa kwa sababu maji yanafanya kazi ileile. Na kuchoma acha kabisa kabisa! Jiwe la aseniki likipata moto linatoa moshi unaonuka kama kitunguu saumu, ukisikia hiyo harufu ujue tayari umeshauvuta.

Fanya hivi, menya waya wa umeme upate shaba tupu, kwaruza pembeni pasipoonekana. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, cha 1 mpaka 10, krisopresi ni 6.5 mpaka 7, waya utateleza, hata kisu cha chuma hakitaiweza na yenyewe itachora kioo cha dirisha. Annabergiti ni 1.5 mpaka 2.5, hata ukucha unaikwaruza, ila ukucha usitumie maana unga unabaki chini yake halafu unakwenda kula ugali. Ukiona waya umeacha mfereji na unga wa kijani mpauko, hiyo siyo krisopresi. Haimaanishi lazima ni aseniki, yapo ya kijani laini mengine mengi, ila kwenye mashine yako lisipande hilo mpaka lipimwe. Hata krisopresi yenyewe kata kwa maji na uvae barakoa, vumbi la silika linaua mapafu polepole na mafundi wenzetu wengi limewamaliza.

Kupima hauendi mbali, GST, ile taasisi ya jiolojia na utafiti wa madini, iko hapahapa Dodoma na ina maabara. Peleka kipande kidogo ndani ya chupa iliyofungwa, andika juu limetoka kijiji gani na shimo gani, na waombe wakupimie kwa eksirei, maana hiyo ndiyo inayosoma vile vyumba vya ndani ya fuwele nilivyomweleza mwalimu.