Jibu: Mavazi ya upishi kwa watoto wa chekechea bila gharama

Dadangu uliyeuliza namna ya kuwavisha watoto wa miaka minne, mitano kama wapishi bila kumaliza pesa dukani, mimi nimefanya hivyo likizo mbili na wanangu na watoto wa jirani hapa Langoni, Lamu.

Aproni zitoe kwenye leso kuukuu, yaani kanga. Leso moja inatoa nne bila shida, kila kipande sentimita 60 kwa 45. Pembe mbili za juu zikate mshazari. Anza kukata upande wenye pindo, libaki chini kama urembo. Jina la leso, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, liko moja tu, basi watoto wataligombea. Mimi humpa anayejifunza kusoma, akazisoma herufi mwenyewe.

Tafadhali usiweke kamba ya kufunga shingoni. Watoto hukimbizana, na kamba hunasa kwenye komeo la mlango. Tia mpira mwembamba, uushikize kwa mishono miwili tu ili ukivutwa uachie. Kamba za kufunga ziwe za kiunoni.

Kofia ndefu nyeupe ni ya karatasi. Kichwa cha umri huo ni kama sentimita 50, kata ukanda wa 55 upate pa kugundisha. Pakiti za unga zikigeuzwa ndani nje zinatosha, na gundi ni uji mzito wa unga wa ngano. Juu kunja foronya ya zamani, uishone kwa marinda. Mifuko ya saruji usiiguse hata ukiikung'uta, vumbi lake huchoma ngozi na macho.

Lakini mwanangu wa pili aliikataa kofia hiyo. Kwake mpishi ni mama anayemnunulia mahamri kila asubuhi: leso kichwani, leso kiunoni. Nilifurahi sana. Kofia ndefu ni desturi iliyotoka Ufaransa, na mtoto wa Lamu ana wapishi wake wa kuwaiga. Nikampa upawa, kifumbu cha kuchujia tui na kawa la kufunikia chakula. Mbuzi ya nazi niliificha, yale meno si mchezo.

Kazi waliyoipenda kuliko zote ni kupiga chapa. Kata bamia kwa upana, uichovye kwenye manjano ya kupikia yaliyokorogwa na maji kidogo, ubandike kwenye kitambaa cheupe. Yanatoka maua madogo ya pembe tano. Anayeshika bamia awe mtoto, wewe shika kisu.

Siku ya kufua maua yote yaligeuka mekundu, binti yangu akalia akidhani nimeyaharibu. Kumbe ndiyo tabia ya manjano yakikutana na sabuni. Nikakamulia ndimu, rangi ikarudi pale pale mbele ya macho yake. Akaacha kulia, akataka sabuni tena, kisha ndimu tena. Tulimaliza ndimu tatu siku hiyo.