Maswali Yenu: Reli ya Namasagali

SWALI: Mzee, shikamoo. Nimeolewa Kamuli, Uganda. Huku Namasagali kuna majengo ya zamani kando ya Nile, watu wanasema ilikuwa stesheni. Treni ilifuata nini huku kijijini? – Mama Isabirye

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ilifuata pamba. Kutoka Jinja mto una maporomoko, meli haipiti. Kuanzia Namasagali maji yanatulia hadi Ziwa Kyoga. Ndiyo maana Reli ya Busoga ikajengwa, ikafunguliwa mwaka 1912. Marobota yaliteremshwa kwenye meli za mvuke, yakapakiwa kwenye mabehewa hadi Jinja, kisha meli nyingine ikayavusha Ziwa Victoria mpaka Kisumu. Kupakia, kushusha, kupakia tena! Mimi niliyefanya kazi ya bohari nawaonea huruma wale wapagazi kuliko ninavyowasifu wahandisi.

Abiria nao walipita hapo: ukishuka kwenye treni unapanda meli kwenda Masindi Port, bandari iliyo magharibi ya Ziwa Kyoga.

Mwaka 1928 reli kuu ya kutoka Kenya kupitia Tororo iliungana na hiyo pale Mbulamuti, kati ya Jinja na Namasagali, na mwaka 1931 daraja la Jinja likaifikisha Kampala. Namasagali ikabaki tawi. Kisha mvua kubwa za 1961 na 1962 zikapandisha maji, gati likafurika, safari za meli zikakoma. Reli isiyo na meli ingebeba nini?

Majengo yakachukuliwa na shule, Namasagali College. Kwangu hilo lilikuwa jambo jema sana. Stesheni nyingi za reli ya kwenda Kasese, magharibi mwa Uganda, hazikupata bahati hiyo.