Utoboe boksi la spika au uzibe? Namjibu kijana wa Makambako

Kijana mmoja wa Makambako kanitumia ujumbe juzi: "Shikamoo kaka. Nina spika ya inchi 10, boksi la plaiwudi tayari. Fundi anasema nisipotoboa tundu bezi haitoki. Nitoboe?"

Nimecheka. Maneno hayo nimetupiwa sana hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nilipoanza kuziba maboksi yangu pande zote, wenzangu waliniita seremala wa makabati. Mteja akisimama kwangu, mtu anapaza sauti ng'ambo: "Hiyo haipumui hiyo!" Wapo walioondoka kwa neno hilo, na sijalisahau. Wiki iliyopita mmoja wa hao wachekaji kamleta shemeji yake nimfungie muziki wa sebuleni. Nimefunga, nimelipwa, sikusema kitu. (Leo nasema.)

Boksi likizibwa, hewa ya ndani inakuwa springi: koni, ile sehemu ya mbele ya spika inayotetemeka, ikitoka inarudishwa, ikiingia inasukumwa. Ngoma inapiga na kukatika palepale. Mmarekani Edgar Villchur aliionyesha dunia mwaka 1954 kwa spika yake AR-1, boksi dogo lenye bezi ya chini kweli.

Tundu nalo si uchawi. Hewa ya kwenye bomba linalochomekwa tunduni inacheza na hewa ya boksi, na kwenye masafa (kasi ya mtetemo wa sauti) yaliyopimiwa, bomba ndilo linalotoa bezi huku koni karibu imetulia. Unapata sauti kubwa zaidi kwa amplifaya ileile. Ukumbi wa harusi? Weka tundu, usibishane. Ila chini ya masafa hayo koni inakosa wa kuishika, inarukaruka hadi iharibike, na bezi inaporomoka desibeli 24 kwa oktavu, yaani kila masafa yakipungua nusu. Boksi la kuziba linashuka 12 tu. Kwenye sebule zetu ndogo, madirisha yamefungwa kwa baridi ya Julai, kuta zenyewe zinaibeba bezi ya chini. Ongeza bomba la kukisia uone: muungurumo wa aina moja tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na mabati yanaitikia.

Kukisia ndiko kunakonikera. Mtu anachomeka bomba la maji la inchi 3 kwa kuwa ndilo lililobaki kwa fundi bomba! Bomba refu hushusha masafa, fupi huyapandisha, na ujazo wa boksi una neno lake. Angalia Qts kwenye karatasi ya vipimo vya spika, namba inayoonyesha spika yenyewe inavyoizuia koni isiendelee kuyumba: chini ya 0.4 hivi, tundu linafaa, ikifika 0.5, ziba. Huna karatasi? Ziba. Narudia, ziba. Vijana mnataka kutetemesha mtaa, kumsikia mpiga bezi hamtaki. Pimeni kwanza, jamani.

Wewe wa Makambako, msumeno uweke chini. Paka silikoni kwenye maungio yote, tia pamba ya mito kiasi, funga spika, kisha bonyeza koni taratibu kwa vidole na uiachie. Ikirudi polepole, boksi limeziba. Ikirudi ghafla, hewa inavuja. Anza kutafuta pale waya unapopita.