Gari ya kale: isome ilivyokaguliwa kabla hujatoa pesa

Siku Land Rover yangu ilipokatika nyuma nilikuwa nimebeba familia nzima, tunarudi kutoka Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Nilisikia mlio kama wa tawi la mwembe linalovunjika, gari ikalala upande wa kushoto, tairi likaanza kusaga bodi. Nikainama na tochi ya simu. Springi ilikuwa imechomoka pamoja na kipande cha chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, kilichokuwa kikiishika. Bolti haikuachia, chuma chenyewe ndicho kilichokatika, na pale kilipokatika kilikuwa chembamba kama kopo la maziwa.

Nilikuwa nayo miezi mitano tu. Series III ya 1982, imetoka Uingereza, kijani, bodi inang'aa. Siku ya kuinunua nilifanya anayofanya kila mtu aliyeipenda gari tangu utotoni: nilifungua milango, nikasikiliza injini, nikaenda nayo hadi Fuoni na kurudi. Muuzaji akanionesha cheti cha ukaguzi cha Uingereza, kimeandikwa imepita. Nikaridhika. Na cheti kilikuwa cha kweli. Kosa langu ni kusoma karatasi moja, wakati nyuma yake kulikuwa na miaka 16 ya maandishi ambayo ningeyasoma bure, kwa simu, nimekaa barazani kwangu.

Naandika kwa sababu nawaona vijana wetu wanaagiza Land Rover, Mini na Morris Minor za kale, wengine kwa ajili ya kutembeza wageni, wengine kwa mapenzi tu, na sitaki mtu apate usiku kama ule wangu.

Kule Uingereza gari ikishatimiza miaka 3 inakaguliwa kila mwaka, ukaguzi wanaouita MOT. Matokeo ya tangu 2005, kwa gari zilizokaguliwa England, Scotland na Wales, yamo kwenye tovuti ya serikali yao, gov.uk. Unaandika namba ya gari, ile ya kibao cha kule, basi. Hulipi kitu na huulizwi wewe ni nani. Yanatoka yote: tarehe, maili zilizosomwa siku ile, imepita au imeanguka, na imeanguka kwa nini.

Kwa hiyo jambo la kwanza kumuuliza muuzaji, kabla hata ya bei, ni namba ya Uingereza. Gari ikishasajiliwa hapa Zanzibar inapewa kibao cha Z, na ile namba ya zamani inapotea machoni. Utaipata kwenye kadi yake ya kule, kwenye karatasi za meli, au kwenye picha za tangazo la kwanza. Muuzaji akiniambia hana namba wala hajui itapatikana wapi, mimi sasa hivi namshukuru na kuondoka.

Ukurasa wa gari yangu niliufungua usiku ule ule wa Makunduchi, namba nimeitoa kwenye nakala ya kadi iliyokuwa kabatini siku zote. Nikaanza kusoma kutoka chini, miaka ya zamani kwanza. Mwaka 2014 gari imepita, lakini kuna angalizo: kutu kwenye chesisi nyuma, uimara haujapungua sana. 2015, maneno yale yale. 2016, yale yale. 2017 imeanguka: chesisi imeoza nyuma kushoto, karibu na inaposhikwa springi. Siku nne baadaye ikarudishwa, ikapita. Kisha 2019 likaja angalizo jipya: chini ya gari pamepakwa lami nzito, mkaguzi hakuweza kuona vizuri. 2020 hivyo hivyo. 2021 hivyo hivyo. Baada ya hapo, kimya.

Nilikaa muda mrefu na ile simu mkononi. Mahali pale pale palipotajwa 2014 ndipo palipokatika watoto wangu wakiwa ndani.

Nitaeleza vipande viwili vya ukurasa ule, maana ndivyo vitakavyokufaa zaidi.

Kwanza, maangalizo. Wengi wakiona neno imepita hawasomi linalofuata. Angalizo ni kitu ambacho mkaguzi amekiona kinaharibika lakini bado hakijafika pa kuangusha gari. Kutu ya juujuu haiangushi. Inayoangusha ni ile iliyokwishakula chuma kinachobeba uzito, na wakaguzi wanakuwa wakali zaidi ndani ya sentimita 30 kutoka panaposhikwa springi, usukani, breki au mikanda ya viti. Angalizo likitokea mwaka mmoja na mwaka wa pili halipo, kuna mtu alilishughulikia. Likirudi miaka mitatu kwa maneno yale yale, kuna mtu aliliacha. Na gari iliyooza kwenye chesisi ikatengenezwa kwa siku nne, uliza nani aliichomelea na alitumia nini. Wao, tena, hawaandiki kushoto na kulia. Huandika upande wa karibu na ukingo wa barabara na upande wa mbali nao. Kwa kuwa na sisi tunapita kushoto kama wao, upande wa karibu ni kushoto, aliko abiria.

Pili, ule ukimya. Tangu tarehe 20 Mei 2018, gari iliyofikisha miaka 40 na haijabadilishwa sana kimaumbile hailazimiki tena kukaguliwa kule. Yangu ilifikisha 2022. Yaani gari imezeeka, chesisi imefichwa chini ya lami, na ndipo hakuna tena anayelazimika kuinama kuitazama. Mimi nilinunua kipindi hicho. Ukikuta ukurasa umekoma hapo, usidhani gari ilikuwa nzima ndiyo maana haina kasoro. Wako wenye gari wanaoendelea kuzipeleka kwa hiari yao, na ukikuta gari ya miaka 45 ina ukaguzi wa juzi, huyo mwenyewe anastahili kupigiwa simu.

Na Land Rover inadanganya macho kuliko gari nyingine. Bodi yake ni ya aluminiamu, haishiki kutu kama chuma, kwa hiyo utaikuta inapendeza hali chesisi yake ya chuma imekwisha. Barabara za Uingereza humwagiwa chumvi msimu wa baridi ili barafu iyeyuke. Gari inakunywa chumvi miaka 30, halafu tunaileta kwetu ilale Jambiani, ufukweni, ikipigwa na upepo wa kusi.

Maili nazo zisome. Kwenye gari nyingi za zamani hizo mita zina tarakimu tano tu, zikifika 99,999 zinaanza upya, kwa hiyo kutoka 98,000 kwenda 3,000 si lazima iwe udanganyifu. Kinachonitia wasiwasi mimi ni gari iliyotembea maili 40 kwa miaka mitatu. Hiyo ilikuwa imeegeshwa. Mipira ya breki imekauka, tangi lina uchafu, na itakuonesha hayo yote wiki ya kwanza utakapoanza kuitumia kila siku. Na ukumbuke hizo ni maili: 60,000 ni karibu kilometa 96,500.

Ukurasa huo unaonesha pia rangi, aina ya mafuta na tarehe ya usajili wa mwanzo. Niliwahi kuikataa moja iliyoandikwa petroli, nikifungua boneti naona dizeli. Kubadilisha injini si dhambi, ila muuzaji aliniapia kuwa ni ile ile ya kiwandani, na baada ya hapo sikuweza kumuamini kwa jingine lolote. Namba ya chesisi haimo kwenye ukurasa, hiyo utailinganisha na kadi mwenyewe. Kwenye Series III imegongwa kwenye chuma cha chesisi mbele kulia, karibu na springi. Sugua na mswaki wa waya mpaka uisome.

Injini, klachi na giaboksi ukaguzi ule hauvihukumu hali yake. Mkaguzi hafungui kitu wala hainui zulia. Hapo unamtegemea fundi.

Gari zilizotoka Japani zina ukaguzi wao, shaken, wa kwanza baada ya miaka 3 kisha kila miaka 2. Dai cheti cha kusafirishia nje na ulinganishe kilometa. Na zile zilizozeeka hapahapa, Peugeot za mjini na Land Rover zilizobeba karafuu Pemba, hazina ukurasa popote. Uliza zililazwa wapi. Iliyolala Dunga, katikati ya kisiwa, na iliyolala ufukweni si gari moja, hata kama zilitoka kiwandani siku moja.

Gari yangu ya pili niliitafuta kwa miezi minane. Niliyoichagua ina ukurasa mbaya kuutazama: imeanguka mara sita. Breki, taa, kutu ya chesisi mbele, usukani. Lakini kila ilipoanguka ilirudi ndani ya wiki mbili, na kasoro ile haikutajwa tena mwaka uliofuata. Nilimpenda mwenyewe kabla sijamjua. Mdogo wangu anaishi Leicester, nikamuomba aende na nyundo ndogo, amuombe yule mzee wa Kiingereza ruhusa, agonge chesisi kutoka mbele hadi nyuma huku akirekodi.

Fundi wangu wa Jang'ombe ndiye aliyeniagiza hivyo. Kwenye ile ya kwanza alikuwa amelala chini akigonga, ngo, ngo, ngo, kisha pwa. Akachukua bisibisi akaisukuma kwenye lami, ikaingia mpaka kwenye mpini. Alipoichomoa yalifuatana nayo magamba meusi yaliyolowa, kama majani ya chai yaliyokwishachemshwa.

"Mwanangu," aliniambia, "hii ilikuwa inasema siku nyingi."

Rekodi ya Leicester ilipofika nilimpelekea gereji. Akazima redio, akawaambia vijana wanyamaze, akaiweka simu sikioni na kufumba macho. Iliisha, akanirudishia.

"Iweke tena upande wa kushoto, nyuma."

Nikaiweka. Ngo, ngo, ngo, ngo.

"Mtumie mzee wa watu pesa yake," akasema.