Maswali yenu: Nataka kujaza mitungi ya kuzamia nyumbani

SWALI: Asalaam aleykum dada. Mie kijana wa Nungwi, nazamisha wageni kwenye senta moja ya daivingi. Kuna mtu ananiuzia kompresa ilokwishatumika, ile ndogo ya petroli, nataka kuiweka uani niwe najaza mitungi yangu na ya wenzangu wawili watatu wenye boti, manake kila siku kupakia mitungi kwenye gari kwenda kujaziwa, nauli inakula faida yote. Uani kwetu pana jiko la kuni la mama na kibanda cha jenereta. Fundi kanambia oili yoyote ya injini inafaa na kwamba hewa ni hewa tu. Nikianza hivo kuna ubaya?

JIBU: Waaleykum salaam mdogo wangu. Hilo neno la fundi la "hewa ni hewa tu" ndo lilonikosesha raha, basi naanza nalo hilo hilo.

Kompresa haichagui. Inavuta chochote kilicho mbele ya mdomo wake, moshi wa kuni, moshi wa jenereta, moshi wa injini yake yenyewe, inaushindilia ndani ya mtungi pamoja na hewa. Na ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, gesi haina rangi, haina harufu, haina ladha, na damu ya binadamu inaishika zaidi ya mara 200 kuliko inavoishika oksijeni. Kwa hiyo usije ukafungua valvu ukanusa, ukaona hamna harufu ukasema hewa safi. Pua haisaidii kitu hapa.

Na kule chini mambo yanazidi. Unajua mwenyewe mita 30 presha ni mara 4 ya huku juu, basi na ile sumu kila pumzi inamuingia mtu mara 4. Mgeni ambaye huku juu angesikia kichwa kinamgonga tu, kule chini anaweza kuchanganyikiwa au kuzimia regyuleta, kile kifaa cha kupumulia, ikiwa mdomoni, na watu wakabaki kusema kachukuliwa na mkondo. Ndo maana kiwango cha Ulaya cha hewa ya kupumulia, EN 12021, kinataka kaboni monoksaidi isizidi sehemu 5 katika milioni. Ni kidogo mno, jiko moja la kuni karibu na mdomo wa kompresa linatosha kukupitisha hapo.

Kwa hivo uani kwenu hapafai, nakwambia wazi. Na usinambie utajaza saa ambazo mama hapiki, kuna jirani, kuna mtu anachoma taka, kuna gari inawashwa nyuma ya ukuta, huwezi kuwasimamia wote.

Sasa popote utakapoiweka, wengi wanashauri weka mdomo wa kuvuta hewa upande unaotoka upepo, moshi upande wa pili. Sawa, ila upepo wetu si mmoja. Utapanga vizuri wakati wa Kusi, mwezi wa saba, kila kitu safi, halafu Kaskazi ikiingia Disemba upepo unageuka na moshi ule ule unarudi mdomoni kwa kompresa, na wewe hujagusa kitu. Bomba la kuvutia lipandishe juu kupita paa, mdomo uangalie chini mvua isiingie, weka wavu maana nyigu na mijusi wanapenda mashimo kama hayo. Na bomba likiwa refu liwe pana, jembamba refu linaikaba mashine.

Ushauri wangu hasa ni kwamba hiyo ya petroli iache. Tafuta ya umeme hata kama itabidi usubiri miezi ukusanye pesa. Zile ndogo za kujaza lita 100 kwa dakika zipo zinazokubali umeme wa kawaida wa nyumbani, fundi umeme akuvutie waya wake peke yake kutoka kwenye mita, usichomeke kwenye ekstensheni, na umeme ukipungua nguvu zima, mota itaungua. Lakini hata ya umeme isikupumbaze. Mashine ikipata joto kupita kiasi oili inaanza kuungua ndani yake na kaboni monoksaidi inazaliwa humo humo bila moshi wowote wa nje. Ndo sababu oili ya injini hapana, hapana kabisa, tumia ile ya kompresa za hewa ya kupumulia aloitaja mtengenezaji kwenye kitabu, na chumba kiwe na madirisha pande mbili.

Sasa filta. Mna makaa ya kunasa mvuke wa oili na harufu, mna chembe za kufyonza unyevu, na nyingine zina hopkalaiti inayogeuza kaboni monoksaidi. Hopkalaiti ikirowa haifanyi kazi tena, kwa hiyo unyevu ndo adui wako wa kwanza, na wewe uko Nungwi sio Ujerumani. Kitabu kikisema filta inakaa saa kadhaa, mara nyingi hesabu ile ni ya nyuzi 20, kwa joto letu muda unaweza kupungua hata nusu na zaidi. Andika saa kwenye daftari kila unapowasha, usikisie. Filta mpya iache kwenye pakiti yake mpaka dakika unayoifunga, na maji yanayokusanyika kwenye mashine yamwage kila dakika 15 kama haina otomatiki.

Halafu nunua kipimo cha kaboni monoksaidi kabla hujanunua kompresa. Nasema kabla. Pima kila mtungi. Na mtu akitoka majini anaumwa kichwa, anatapika, anasema maneno hayaeleweki, usisubiri ukidhani ni jua, mpe oksijeni safi mpeleke hospitali, na mtungi aliozamia uufunge uuweke pembeni upimwe.

Kujaza kwenyewe kuwe taratibu. Mtungi wa alumini wa lita 11 ukiwa bar 200, yaani presha mara 200 hivi ya huku juu, umebeba kama lita 2,200 za hewa, valvu yake au mpira wa kujazia ukiachia hakuna wa kukimbia, basi watoto wasikae karibu na mtungi ufungwe usianguke. Wapo wanaozamisha mtungi kwenye pipa la maji wakijaza, mie sipendi, maji yanapata njia kwenye kiungo yanaingia ndani. Oksijeni usichanganye nyumbani, naitroksi, ile hewa ilozidishwa oksijeni, waachie wenye vifaa na mafunzo yake. Na kabla ya yote nenda kwa sheha na watu wa Zimamoto uwaeleze unachotaka kuweka, majirani wana haki ya kujua.

SWALI: Shikamoo dada. Niko Wete. Mjomba kaacha mitungi minne stoo, miwili ya chuma miwili ya alumini, ina miaka haijaguswa na mmoja wa chuma bado una hewa. Naweza kuijaza nikauza?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ile hewa ya mtungi wa chuma asiipumue mtu. Chuma kikipata kutu ndani, kutu inakula oksijeni, inabaki hewa ambayo inaweza kumzimisha mtu hata nchi kavu. Ifungulie nje polepole mpaka iishe.

Halafu soma alama zilopigwa kwenye bega la mtungi. Utaona mwezi na mwaka ulipopimwa kwa presha ya maji, nchi nyingi wanataka kila miaka 5, na kukaguliwa ndani desturi ni kila mwaka. Hiyo ya alumini, kama ilitengenezwa kabla ya 1990, muulize mkaguzi kuhusu aloi ya 6351, aina ya mchanganyiko wa alumini, ile ilikuja kujulikana inapasuka nyufa shingoni na vituo vingi havikubali kuijaza. Alumini iloungua moto au ilopakwa rangi ya kuokwa pia haifai tena, joto linailegeza.

Ikipita ukaguzi, uza. Isipopita, mwambie fundi aikate au aitoboe ikiwa tupu kabisa, ndipo umpe mtu wa skrepa, asije mwengine akaiokota akaijaza.