Kengele ya geti kwenye simu yako: anzia kwenye kitufe

Karibu kila anayeanza kutengeneza kengele ya geti inayotuma ujumbe huuliza kwanza habari za simu: ujumbe utapitia wapi, utachukua muda gani, nikiwa kazini nitaupata? Hayo yana majibu, tena mepesi. Kazi yenyewe iko getini, kwenye kitufe na waya wake. Kifaa kikishajua kwa hakika kwamba kuna mtu amebonyeza, kupeleka habari hiyo kwenye simu ni mistari michache ya programu. Kisipojua kwa hakika, kitakuamsha saa nane za usiku kwa sababu friji imejiwasha, na haitapita wiki kabla watu wote nyumbani hawajazima arifa zake. Kuwafanya waiamini tena ni kazi ngumu kuliko kuitengeneza.

Kwa hiyo ukipanga bajeti na muda wako, vielekeze huko.

Bodi ya kuanzia, yaani kompyuta ndogo yenye waifai itakayosoma kitufe, iwe ya ESP8266, ile inayouzwa kama Wemos D1 mini au NodeMCU. Kariakoo utaipata, na Nairobi maduka ya Luthuli hayakosi. ESP32, iliyoingia sokoni mwaka 2016, ina nguvu zaidi, lakini kengele haihitaji nguvu hizo. Mambo mawili yakae kichwani tangu mwanzo: pini za ESP8266, yaani miguu yake ya kuungia waya, ni za volti 3.3, usizipe 5. Na waifai yake ni ya masafa ya 2.4 GHz peke yake, kwa hiyo kama ruta yako imewekwa kwenye 5 GHz tu, bodi haitaiona kabisa. Waya wa USB wa kuiunganisha na kompyuta nao uwe wa data. Nyaya nyingi zinazokuja na taa au spika ndogo ni za kuchaji tu, na vijana wengi wamehangaika jioni nzima wakidhani bodi ni mbovu. Ukibakiwa na hela ya kitu kimoja cha ziada, nunua mita ya kupimia volti (multimita).

Mita ndiyo itakayokuambia una kengele ya aina gani. Kuna za transfoma, kifaa kinachoshusha umeme wa nyumba, ambazo hutumia volti chache za AC (umeme unaogeuka upande huku na huku), mara nyingi kati ya 8 na 16. Kuna zisizo na waya, kitufe kina betri na kipaza sauti kimechomekwa ukutani. Na kuna za umeme wa nyumba moja kwa moja, volti 230 zinatembea mpaka kwenye kitufe cha geti. Hizi ni nyingi kwetu, na hazina alama yoyote kwa nje.

Ukikuta 230, weka bisibisi chini. Nasema hivi kwa sababu nawapenda wanaojifunza: bodi yako haina haja ya kukutana na umeme huo, wala wewe hujafika hapo. Muite fundi umeme aunge chaja ndogo ya simu sambamba na kengele. Kitufe kikibonyezwa, kengele inalia na chaja inapata umeme, nayo inatoa volti 5 zilizotengwa na umeme wa nyumba. Hizo ndizo utakazozisoma, kupitia optokapla, kipuri nitakachokieleza hapo chini. Kasoro yake ni kwamba chaja huchukua sehemu ya sekunde kuamka, kwa hiyo mbonyezo wa haraka sana unaweza kupita bila kuonekana. Kwa maoni yangu hiyo ni bei ndogo ya kulipia usalama.

Kengele ya transfoma ndiyo nzuri kujifunzia, na hapa naomba twende polepole.

Chukua optokapla PC817. Ndani yake kuna taa ndogo upande mmoja na transista inayoiona taa hiyo upande wa pili, hakuna waya unaowaunganisha. Upande wa taa unauunga sambamba na kengele, ili upate umeme pale tu kitufe kinapobonyezwa. Tuseme transfoma inatoa volti 12 za AC. Kilele cha wimbi lake ni kama volti 17. Taa inachukua 1.2 hivi, zinabaki karibu 16, na ukiweka rezista (kipuri cha kubana umeme) ya 1.5k, yaani ohm 1500, unapata miliampea 10 na ushee, kiasi kinachofaa. Ila AC hugeuka, na taa ya PC817 haivumilii zaidi ya volti 6 kinyumenyume. Dawa yake ni dayodi moja ya 1N4148, inayopitisha umeme upande mmoja tu, iliyowekwa kwenye miguu ya taa ikitazama upande wa pili. Ni kipuri cha bei ya peremende, usikiruke. Upande wa transista, mguu mmoja uende GND (sifuri ya bodi) na wa pili uende kwenye pini, pamoja na rezista ya 10k kutoka pini hadi 3.3V.

Sasa bonyeza kengele uangalie pini inasoma nini. Taa ikiwaka, transista huivuta pini chini hadi sifuri, kwa hiyo wanaoanza hutegemea kuona sifuri iliyotulia muda wote kidole kipo kwenye kitufe. Haiwi hivyo. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa inawaka na kuzimika mara 50 kila sekunde, na pini nayo inapanda na kushuka hivyo hivyo. Programu inayosoma pini mara moja moja inaweza kuikuta taa imezimika ikadai hakuna mtu.

Wengi huona hilo kama usumbufu na kuongeza kapasita kubwa (kipuri kinachohifadhi umeme kidogo) ili kulainisha. Mimi nashauri ulitumie. Kidole cha mtu kinaacha mfululizo wa mipigo, mmoja kila milisekunde 20. Pampu ya maji ikijiwasha na kurusha mshtuko kwenye waya, unapata mpigo mmoja au vipande vilivyokaa ovyo. Basi iambie programu ihesabu: mipigo mitano mfululizo, iliyopishana kwa milisekunde 20 hivi, ndiyo mtu. Pungufu ya hapo, itupe. Hiyo ni moja ya kumi ya sekunde tu, ni nadra mgeni kubonyeza kwa kasi kuliko hapo, na kengele za uongo zinapungua sana.

Kama huna kengele ya zamani na unaweka kitufe kipya kilichounganishwa moja kwa moja na bodi, huna mipigo ya kuhesabu, kwa hiyo waya unatakiwa uwe safi zaidi. Waya wa mita 20 kutoka getini ni antena. Rezista iliyomo ndani ya ESP8266 ni dhaifu mno kwa urefu huo. Weka yako ya 1k au 2.2k kwenda 3.3V, weka kapasita ya 100nF karibu na pini, tumia jozi moja iliyosokotwa ya waya wa mtandao, na usiupitishe kwenye bomba moja na nyaya za umeme. Kwenye programu, hesabu kitufe kuwa kimebonyezwa endapo pini imekaa chini milisekunde 50 bila kukatika.

Pini nazo si sawa. Kwenye D1 mini tumia D1, D2 au D5. Epuka D3, D4 na D8, maana bodi huziangalia wakati inawaka. D3 ikiwa chini wakati huo, bodi inadhani unataka kuipakia programu na inakaa ikisubiri. Mtu atasema hilo litatokea lini? Litatokea umeme ukirudi baada ya kukatika huku mgeni amesimama getini akibonyeza kwa nguvu kwa sababu kengele ilikuwa hailii. Yaani siku ile ile unayoihitaji.

Upande wa simu ni mfupi. Boti ya Telegram inafaa kama familia tayari inatumia Telegram: unaongea na BotFather, boti ya Telegram yenyewe ya kutengenezea boti, unapewa tokeni (ufunguo wa siri wa boti yako), unaiweka kwenye programu. Ntfy, huduma ya kutuma arifa kwenye simu, ni rahisi zaidi, unatuma maneno kwenye mada uliyoichagua na simu iliyojiunga na mada hiyo inalia. Angalizo: mada ya wazi husomwa na yeyote anayejua jina lake, kwa hiyo usiiite "kengele", ipe herufi na tarakimu zisizokisika. Tokeni ya Telegram nayo usiiache ndani ya faili unayoichapisha mtandaoni. Bodi ikae imeunganishwa na waifai muda wote badala ya kulala na kuamka. Mgeni wa kwetu hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa anaondoka, na sekunde kadhaa za kutafuta mtandao zinakula hodi mbili. Baada ya kutuma, bodi inyamaze sekunde 15 kabla ya kutuma tena, vinginevyo mtoto mmoja atajaza simu za watu wote.

Na tafadhali, kengele ya zamani iache ilie. Bibi hana simu janja, dada wa kazi simu yake iko chaji, bando limeisha. Ujumbe ni nyongeza. Kwa umeme unaokatika, tafuta UPS ndogo ya ruta, yaani betri inayoshika umeme ukikatika, na uilishe bodi kutoka hapo hapo. Pawabenki nyingi hujizima zenyewe zikiona mzigo mdogo kama huu.

Walioko pwani wana kazi moja zaidi. Fungua kitufe cha geti kilichokaa mwaka mmoja Tanga au Mombasa: skrubu zina unga wa kijani, shaba imekuwa nyeusi, na kwenye kona sisimizi wamejaza mchanga. Kutu hiyo inapitisha umeme kidogo kidogo siku ya mvua, na bodi inaona kidole kisichokuwepo. Ingiza waya kwa tundu la chini, uache uning'inie kitanzi kabla ya kuingia ili maji yadondokee nje, paka vaselini kwenye skrubu, ziba tundu kwa silikoni.

Mwisho, iambie bodi itume neno moja kila asubuhi, "nipo", kwenye mada tofauti isiyotoa sauti. Siku lisipofika, unajua kabla mgeni hajajua. Kisha ndani ya kifuniko cha boksi andika kwa kalamu isiyofutika waya upi unatoka getini, upi wa transfoma, na pini uliyotumia, kwa ajili ya atakayelifungua wewe ukiwa safarini.