Swichi sita nyuma ya milango: leya za mchoro usio wako

Mwaka wangu wa kwanza kama mchoraji wa umeme kwenye ofisi moja ya wahandisi hapa Dar es Salaam, fomeni alinipigia simu kutoka saiti. Akasema, "Njoo uone mwenyewe," akakata. Nilipopanda ghorofa ya pili nilimkuta kashika karatasi yangu mkononi. Fremu za milango zilikuwa zimeshasimamishwa. Akaweka kiganja upande wa bawaba, akauzungusha mkono wake taratibu jinsi mlango utakavyofunguka, na mkono ukaishia juu ya boksi la swichi. Yaani mtu akiingia usiku, itabidi aingie gizani, afunge mlango, ndipo apapase taa nyuma yake. Vyumba vilikuwa sita, vyote vimefanana, kwa sababu nilichora kimoja na kunakili. Kuta zilikuwa zimeshachimbwa na paipu za waya zimeshalazwa.

Fundi hakukosea. Kwenye karatasi niliyompa, milango haikuonekana. Nilikuwa nimeificha mimi.

Kwa wanaoanza: mchoraji wa umeme hachori upya kuta za msanifu majengo. Unaunganisha faili lake ndani ya lako kwa amri ya XREF ya AutoCAD, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, na akibadilisha ukuta kwake, kwako nako unabadilika. Kazini tunauita mchoro huo eksirefu. Leya zake, yaani matabaka ambayo vitu vya mchoro hupangwa juu yake, zinakuja na jina la faili mbele, likifuatiwa na kijiti cha wima, hivyo leya ya milango A-DOOR ya faili liitwalo ARCH-02 utaiona kama ARCH-02|A-DOOR. Huwezi kuchora juu ya leya hizo, lakini unaweza kuzizima, kuzigandisha (nazo zinafichika) au kuzibadilisha rangi ndani ya faili lako bila kugusa la msanifu. Uhuru huo ni mkubwa, na mimi niliutumia vibaya. Msanifu alikuwa ameweka milango, namba za milango na nakshi za mbao zote kwenye leya moja. Alama zangu zilikuwa hazisomeki, nikaigandisha leya nzima.

Ushauri wangu wa kwanza ni huu: leya ambayo kazi yako inaitegemea usiifiche, ififishe. Ipe rangi 8, ile ya kijivu, au rangi yoyote ambayo kwenye mipangilio yenu ya kuchapa inatoa laini nyembamba. Milango, kuta, ngazi, mabeseni ya kunawia, vyote hivyo mtu wa umeme anavihitaji. Samani nazo nazihesabu humo ninapopanga soketi, kwa sababu kabati la nguo likikaa mbele ya soketi, soketi hiyo imekufa. Vipimo vya msanifu, majina ya vyumba yanayokaa juu ya taa, na nakshi za vigae ndivyo vya kugandisha. Tena vigandishe ndani ya kidirisha cha karatasi husika tu, yaani ile fremu inayoonyesha mchoro kwenye karatasi ya kuchapa, kwa ile safu ya VP Freeze kwenye orodha ya leya, si kwa faili zima. Karatasi ya taa na karatasi ya soketi zinatokana na mchoro uleule wa msanifu, na kila moja inahitaji kuonyesha vitu tofauti.

Kuna kero nyingine inayowachosha vijana wengi. Unapanga leya jioni, unahifadhi, asubuhi unafungua faili na kila kitu kimerudi kama msanifu alivyokiacha. Wengi wanadhani hawakuhifadhi. Andika VISRETAIN, mpangilio unaoamua jambo hili, uone inasemaje. Ikiwa 0, programu inachukua hali ya leya kutoka kwenye faili la msanifu kila unapofungua au kupakia upya. Ikiwa 1, uamuzi wako ndio unaobaki. AutoCAD yenyewe huanza na 1, lakini thamani hiyo inahifadhiwa ndani ya kila faili, kwa hiyo faili la kuanzia mlilorithi ofisini linaweza kuwa na 0 bila mtu kujua.

Hiyo 1 nayo ina gharama yake. Msanifu akibadilisha rangi au aina ya laini kwenye leya zake, wewe hutaiona, maana umeshikilia hali ya zamani. Ninapotaka kupokea mabadiliko yake ninafanya hivi. Kwanza nahifadhi hali ya leya zangu kwa amri ya LAYERSTATE na kuipa jina la tarehe. Naweka VISRETAIN kuwa 0, napakia upya eksirefu, kisha nairudisha 1. Halafu naifufua ile hali niliyohifadhi, lakini naweka alama kwenye kuwashwa na kugandishwa tu, rangi naziacha. Kama nimegandisha ndani ya kidirisha, nahakikisha niko ndani ya kidirisha hicho wakati wa kuhifadhi na wakati wa kufufua.

Leya mpya ndizo za kuogopa zaidi. Msanifu akiongeza leya leo, itakuja kwako na hali aliyoipa yeye, na kama kaiacha wazi itajitokeza kwenye vidirisha vyako vyote, saa ileile unayotaka kuchapa. Weka mipangilio ya LAYEREVAL kuwa 1 na LAYERNOTIFY kuwa 7. Programu itakuambia unapofungua, unapopakia upya na unapochapa kwamba kuna leya za eksirefu ambazo bado hujazipitia. Usizikubali kwa mkupuo. Pitia moja moja ujue ni ukuta mpya wa jasi au ni miti ya bustani.

Mengine mafupi. Iweke eksirefu kwenye leya yake peke yake. Ukiiunganisha ukiwa juu ya leya ya taa, siku utakayoigandisha leya ya taa jengo zima litatoweka. Na ukitaka kuiondoa kwa muda, tumia Unload. Ukitumia Detach, leya zake zinaondoka pamoja na kila ulichozipangia.

Swichi zile zilihamishwa zote sita. Fundi alichimba upya upande wa kitasa, mashimo ya zamani yakazibwa kabla ya plasta. Nilikaa naye saiti mpaka jioni, na kesho yake asubuhi, kabla ya chai, nilifungua kila faili la mradi ule nikaanza kuitafuta A-DOOR.